Mikanda Migumu ya Shemeki

Shule nilisoma miaka minne, na huo wa nne niliusoma mara mbili. Nasema hivyo mapema ili msomaji asitafute humu Kifaransa kikubwa. Lakini ukipanda gari hapa Lubumbashi, ukakaa, na mgongo wako ukatulia kama umefika nyumbani, basi kiti hicho labda kimepita mikononi mwangu. Nilianza na sindano moja na uzi wa kuokota, chini ya turubai, karibu na mto Naviundu. Leo nina atelie yenye mashine tatu, bati juu, na kibao kilichoandikwa na mchoraji anayejua herufi zote. Viti vya taksi, vya malori, vya baa, benchi za kanisa, hata kile kiti cha daktari wa meno ambacho hakuna mtu anayekikalia kwa furaha: vyote nimeshona. Baba yangu, mtu wa reli, alikufa akiamini kwamba asiye na diploma kazi yake ni kubeba mizigo tu. Angekuwa hai ningemkalisha kwenye kiti changu, halafu ningengoja aseme tena.

Mtu wa pili mwenye imani hiyo alikuwa shemeki wangu, kaka mkubwa wa mke wangu. Familia yao ni watu wa Kasai, watu wa vitabu na biashara, na yeye ndiye aliyesoma kuliko wote. Kazi yake ni kupiga mbizi. Kuna bwawa linalopeleka maji kwenye kiwanda kimoja cha shaba, na chini ya maji kuna nyavu za chuma zinazozuia takataka zisiingie kwenye pampu. Nyavu hizo huzibwa na majani na matope, na lazima mtu ashuke azisafishe. Mtu huyo ni yeye. Basi kwa miaka kumi na tisa ya ndoa yangu, watu wakimuuliza mume wa dada yake anafanya nini, anajibu, "Eko mu mambo ya biti." Mambo ya viti! Hakusema fundi wala patron, mwenye kazi yake. Kama vile viti vinaota vyenyewe na mimi ninavipalilia.

Jumatatu moja ya mwezi wa kumi, joto likiwa limefanya bati la atelie lilie, shemeki akaingia mwenyewe, kwa miguu yake, na mfuko mkononi. Nikampangusia kiti. Hakukaa. Akatoa kutoka kwenye mfuko kitu chenye mikanda mingi, kama suruali iliyoshonwa kwa ajili ya buibui. Akanieleza kwamba hiyo inaitwa arne. Ndiyo inayofunga chupa ya hewa mgongoni: mikanda miwili inapita mabegani, mmoja kiunoni, na mmoja, samahani, katikati ya miguu. Ya zamani ilichakaa, kampuni ikaleta mpya kutoka ng'ambo, na hiyo mpya ilikuwa ngumu kama mbao za dari. Akafungua shati akanionyesha mabega. Nimeona punda wa picha wenye mabega mazuri zaidi. Maji ya bwawa miezi hii yana joto, kwa hiyo anashuka na nguo nyepesi, na mikanda inakutana na nyama moja kwa moja.

Jambo lenyewe lilikuwa hili. Wainjinia wapya wa kiwanda walitaka mpiga mbizi mmoja wa kudumu, mwenye mkataba wa kweli. Walimpa jaribio: akae chini ya maji saa moja nzima akifanya kazi. Jaribio la kwanza alitoka baada ya dakika ishirini, mabega yanawaka. Walikuwa wamempa jaribio la pili, siku ya Alhamisi, na la mwisho. Kulikuwa na mtu wa Kolwezi anangoja pembeni na mfuko wake tayari. Shemeki ana watoto sita na umri wa karibu miaka hamsini. Hakuna mahali pengine pa kumpokea mtu wa umri huo ambaye anachojua ni kuzama.

"Shemeki," akasema, akitazama mashine yangu, si mimi, "hii kintu inanikula. Nikitoka tena mbele ya saa, kazi imeisha. Utaweza?"

"Mi njo unauliza?" nikamjibu. "Siku tatu. Utavaa sawa mutoto mu kikwembe ya mama yake."

Akaondoka bila kusema asante, kwa sababu asante huwa inakuja baada ya kazi. Alinikataza kitu kimoja tu: nisipake mafuta ya aina yoyote, vifungo vitateleza na chupa itamwacha huko chini. Nikamwambia hilo nilijua. Sikujua.

Siku hiyohiyo nikaanza. Nikachemsha maji, nikaloweka mikanda na sabuni ya kufulia, nikaiviringisha, nikaikunja, nikaivuta kwenye nguzo ya lango mpaka lango likalalamika. Mikanda ikatoka safi na migumu. Hapo nikafikiri kama fundi. Kitu gani kigumu kinachokuwa laini katika nyumba ya Mkongomani kila siku ya Mungu? Majani ya muhogo. Na yanalainika wapi? Kwenye kinu. Nikachukua kinu cha mke wangu, nikatia arne ndani, vifungo vikining'inia nje kama masikio, nikatwanga. Nilitwanga kama mwanamke mwenye wageni. Majirani walisimama kwenye ukuta wa lupango, ua wetu, wakauliza kama mke wangu amesafiri.

Mke wangu alikuwa ndani. Akatoka na beseni la majani ya muhogo ya sombe, akaangalia kinu.

"Papa, mule mu kinu muko nini?"

"Kazi ya kaka yako."

"Basi leo kaka yako njo atakupikia sombe."

Jioni nilikula bukari, ugali wetu, na chumvi. Lakini nilijaribu mikanda, na ukweli lazima usemwe, ilikuwa imebadilika: kutoka mbao ngumu ikawa mbao ngumu zenye harufu ya sombe.

Jumanne nikajilaumu. Kwa nini mtu mwenye ufundi wangu anahangaika na kinu? Kiti kigumu hakitwangwi. Kiti kigumu kinatiwa muse, ile sponji ya magodoro, kinavishwa skai, ile ngozi ya bandia, kinashonwa. Basi nikachagua muse bora, ile ninayowawekea wateja wanaoendesha mpaka Kasumbalesa na kurudi siku moja. Nikaifunga mabegani na kiunoni, nikaivisha skai nyeusi, nikashona mshono mara mbili ili hata tone la maji lisiingie. Ilikuwa kazi nzuri. Nikiikumbuka leo bado naona ilikuwa kazi nzuri. Ungeweza kulala juu ya ile arne.

Shemeki alipoivaa, kwa mara ya kwanza nilimwona akitabasamu bila kufunika mdomo. Akainama, akainuka, akazungusha mikono. Akasema tuijaribu kwenye maji. Nikampeleka Karavia, kwenye mahali pa starehe penye pisini ya kuogelea, ambapo mwenyewe ananijua kwa sababu viti vya baa yake ni vyangu. Watu walikuwa wachache, wanakunywa soda. Shemeki akafunga chupa yake, akafunga mkanda wa risasi kiunoni, zile za kumvutia chini, akavaa kioo usoni, akanipa dole gumba, akarukia maji.

Akarudi juu.

Akajaribu tena. Akapiga miguu, akaingiza kichwa, makalio yakabaki nje yakiangalia Lubumbashi. Akajikunja, akageuka, akalala chali na tumbo juu kama kobe aliyechoka na maisha. Mabega yalikuwa yanaelea yenyewe, na yeye alikuwa anafuata tu. Mshono wangu haukuingiza tone hata moja, na hewa yote iliyokuwa ndani ya muse ilikuwa bado imo, inafurahi. Watu wa soda waliacha soda. Mlinzi wa pisini akaja karibu, akaangalia kwa heshima, akauliza kama hiyo ni dawa mpya ya wasiojua kuogelea, kwa sababu ana mtoto wa dada yake.

Shemeki akavua kioo akiwa bado anaelea. Sauti yake haikuwa na hasira, na hiyo ndiyo iliyoniumiza.

"Shemeki," akasema, "mi balinitafuta kwa kushuka."

Njiani kurudi nilimwambia aniachie arne, kesho itakuwa tayari. Aliniangalia kama mtu anayemwangalia daktari aliyekata mguu usio mgonjwa. Lakini aliniachia, maana angempelekea nani?

Jumatano asubuhi nilitoa skai na muse yote, nikarudi kwenye mikanda mitupu, na nikakaa nikawaza. Nikakumbuka viatu vya harusi yangu. Vilikuwa vigumu, na binamu yangu mwenye mguu kama wangu alivivaa wiki nzima kabla, anapeleka maji, anacheza mpira, mpaka vikakubali. Kitu kinacholainishwa na mwili hulainika kwa mwili. Basi lazima mtu aivae arne siku nzima, na mtu huyo alikuwa mimi.

Siku hiyo mke wangu alikwenda Luano, uwanja wa ndege, kumpokea mama yake anayetoka Mbuji-Mayi. Mama alikuwa amesikia kwamba mtoto wake anapimwa siku ya Alhamisi, akasema hawezi kukaa mbali. Mimi sikuwa na wasiwasi. Ndege ya saa nne ikifika saa kumi watu wanapiga makofi. Nikajua nina siku yangu nzima.

Lazima nieleze jambo moja kwa wasomaji wa mbali. Kwetu, na kwao vilevile, mume hasemi na mama wa mke wake uso kwa uso. Hamshikani mikono, hamli pamoja, akipita unatoka njiani. Maneno yote yanapitia kwa mke. Kwa miaka kumi na tisa sikuwahi kusikia mama mkwe akisema nami moja kwa moja, wala yeye hakuwahi kusikia sauti yangu ila kwa mbali, nikigombana na fundi wa umeme. Na akikuona bila nguo za heshima, hiyo ni kesi: lazima umtolee kuku mweupe wa faini, tena asiwe wa kukonda.

Basi nikavaa arne. Kwa uzito wa chupa nilifunga mgongoni kizima-moto cha lori, kirefu, chekundu, ambacho mteja alikiacha akisema ni kitupu. Ule mkanda wa katikati ya miguu ulikuwa unavuta suruali vibaya, nikavua suruali. Nikabaki na kaptula ya ndani, ile ya mistari. Nikatembea lupango lote. Niliruka, nilipiga magoti, nilifagia, nilipanda ngazi nikaangalia bati. Mabega yalianza kuuma, nikasema vizuri, mikanda inasoma. Saa tano hivi nikataka kupumzika nikajaribu kufungua kifungo cha kiunoni. Kikakataa. Unga wa majani ya muhogo uliorukia ndani ya kifungo siku ya kinu ulikuwa umelowa kwenye pisini, umekauka, umekuwa saruji.

Hapo ndipo niliposikia taksi inasimama langoni, na sauti ya mke wangu ikisema karibu mama. Ndege ile, ya kwanza katika maisha yangu, ilikuwa imefika kwa saa yake.

Nikakimbilia jikoni, kile kijumba cha nje, nikajibana nyuma ya magunia ya makaa. Kizima-moto kikagonga ukuta. Kikasema psss. Halafu kikasema yote kiliyokuwa nayo.

Sijui nitaelezaje wingu lile. Lilikuwa jeupe, lilijaa kila mahali, lilinitafuta mdomoni na puani. Nikatoka mbio nikikohoa, macho nimefumba, nikasimama katikati ya lupango nikiwa mweupe toka kichwa mpaka magoti, na kaptula ya mistari, na mikanda ya buibui, na bomba jekundu mgongoni linalotoa moshi. Nilipofungua macho, mama mkwe alikuwa hatua tano mbele yangu, na furushi lake kichwani.

Hakupiga kelele. Mwanamke yule ameuza vitambaa sokoni miaka arobaini, ameona mengi. Aligeuka, akanipa mgongo, taratibu, furushi halikutikisika hata kidogo. Akamuuliza binti yake kama huyu ndiye yuleyule ambaye walipokea mahari yake wakampa mke. Mke wangu akajibu kwamba ndiye, na kwamba kitu hicho ni kazi ya kaka, na akaeleza yote, kinu, pisini, Alhamisi, huku analia kwa kicheko na kushika mbavu.

Mama alisikiliza, mgongo bado kwangu. Halafu akauliza swali ambalo hakuna injinia angeuliza. Akataka mke wangu anifute unga mabegani, aangalie vizuri: alama ya mkanda ni moja pana, au ni mbili nyembamba?

Mke wangu akafuta, akaangalia. Zilikuwa mbili. Mistari miwili myekundu kila bega, kama njia ya reli, na katikati ngozi nzima kabisa.

"Umwambie bwana yako," mama akasema, "mukaba haikate na tumbo. Inakata na pembeni, sawa kisu. Anapiganisha tumbo ya bure."

Siku tatu nilikuwa nimepigana na ugumu wa mkanda, na mkanda haukuwa na kosa. Kosa lilikuwa kwenye kingo zake, kali, mpya, zilizokatwa na mashine. Nataka ieleweke, bila mabega yangu hakuna mtu angejua. Mama aliona, ndiyo, lakini aliona kwenye mwili wangu.

Akashusha furushi. Lilikuwa limefungwa kwa kikwembe cha zamani sana, chenye maua makubwa ya manjano yaliyofifia, kilichofuliwa mpaka kikawa laini kama sikio la mtoto. Akamwambia mke wangu kwamba ndicho alichowabebea mgongoni watoto wake wote saba, na wa kwanza alikuwa huyo anayekwenda kupimwa. Akamwaga ndizi kavu na samaki wake juu ya mkeka, akakishika kwa mikono miwili, akakipasua. Akanyoosha mkono nyuma, bila kugeuka, akampa mke wangu, mke wangu akanipa mimi.

Kifungo kilifunguka kwa maji ya moto na msumari. Nikaoga, nikavaa suruali, nikakaa kwenye mashine. Nilishona mifuko mirefu ya kitambaa, mara mbili, ambayo mkanda unaivaa kama soksi, kingo zote zimefunikwa, bila muse, bila kitu kingine ndani. Na safari hii, kabla ya kumaliza, nilijaza ndoo maji nikatumbukiza kipande. Kikazama. Nikatumbukiza tena, kikazama tena. Mke wangu akaniuliza ninangoja kiseme nini.

Alhamisi shemeki aliondoka mapema na gari la kampuni. Alipoona maua alipitisha kidole juu yake, akavaa. Mama alitaka kuwepo, na mke wangu alilazimika kubaki na wateja, kwa hiyo tukapanda taksi mama mkwe na mimi, yeye mbele, mimi nyuma kabisa, hakuna anayesema. Dereva alidhani tumegombana. Alituhubiria msamaha kutoka Naviundu mpaka bwawani.

Mlinzi alituacha tusimame kwenye uzio. Wainjinia watatu walikuwa na saa zao. Mtu wa Kolwezi alikuwepo kweli, na mfuko wake. Walipoona maua ya manjano juu ya mabega ya shemeki, mmoja alimnong'oneza mwingine na wote wakacheka. Shemeki akashuka. Maji yakamfunika mabega, maua, kichwa. Yakabaki mapovu tu.

Dakika kumi na tano. Ishirini. Hapo ndipo alipotoka mara ya kwanza. Mama alikuwa ameshika waya wa uzio, na mimi nilikuwa nahesabu kila mshono kichwani mwangu: huu niliurudia, ule niliurudia, ule sikumbuki. Ishirini na tano. Nusu saa. Majani na matope yakaanza kupanda juu, anafanya kazi. Dakika ya arobaini na tano mapovu yakaanza kuja upande wetu, polepole, kuelekea ukingoni. Mtu wa Kolwezi akanyanyua mfuko wake. Nikafumba macho. Mama akasema kitu kwa Kiluba ambacho sikusikia vizuri na ambacho huenda kilinihusu.

Mapovu yakasimama. Mkono ukatoka majini, ukaweka juu ya jiwe kipande cha chuma kilichovunjika kwenye wavu, kikubwa kama mlango wa jiko. Halafu mkono ukarudi chini, na mapovu yakarudi yalikotoka.

Alitoka baada ya saa moja na dakika saba. Alitoka akitembea, ameshika majani mikononi kama mtu anayetoka shambani. Mkubwa wa wainjinia akaenda kumwangalia mabega, akainua kile kitambaa cha maua, akakisugua kati ya vidole, akauliza kampuni gani inauza vitu hivi.

Shemeki akanionyesha kwenye uzio, mbele yao wote.

"Fundi yangu eko pale," akasema.

Nilisikia vizuri. Hata mtu wa Kolwezi alisikia. Fundi yangu. Mkataba alitia sahihi hapohapo, juu ya boneti ya gari.

Dereva yuleyule, aliyekuwa ametungoja, alipowasha taksi, mama mkwe akasimama upande mmoja wa mlango, mimi upande mwingine. Alitaka kusema, nilimwona. Lakini mke wangu alikuwa Naviundu, na hapo hapakuwa na mtu wa kupitishia neno. Akaangalia kushoto, akaangalia kulia. Mwisho akauangalia mlango wa taksi.

"Mulango," akasema, "umwambie mukwe wangu, mukono yake iko muzuri. Na kuku yangu sijasahau."

Nikarekebisha kola. Nikauinamia mlango, kwa heshima yote ninayoijua.

"Mulango," nikasema, "umwambie mama, kuku iko mbili."

Dereva alizima gari, akatuangalia wote wawili, na akasema safari hii hatahubiri tena.